Miaka Thelathini ya Mrisho

Siku hizi mahakama haifungi watoto waliooua. Inawalaza usingizi wa miaka, na aliyelazwa hazeeki. Kaka yangu Mrisho alimchoma kisu mwanafunzi mwenzake akiwa na miaka kumi na sita, akalazwa miaka thelathini. Mimi, Tunu, nilikuwa na sita. Kila asubuhi nilimwamkia, naye akachuchumaa kunifunga viatu.

Leo nimekuja kumpokea, nina umri aliokuwa nao mama siku Mrisho alipolazwa. Njia nzima najiuliza nani sasa amwamkie mwenzake. Kwenye hotipoti nina viazi vya nazi, nimevipika kama marehemu mama alivyonifundisha.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa vilevile, hata chunusi za kidevuni hazijapona. Nilitaka kumkimbilia aninyanyue juu kama zamani.

Alinitazama, machozi yakamlengalenga.

“Shikamoo, mama,” akasema. “Nilijua utakuja. Tunu yuko wapi?”

Nikafungua mdomo nimwambie. Lakini alikuwa ameshanikumbatia, kichwa chake begani kwangu.

“Marahaba, mwanangu,” nikasema. “Tunu yupo nyumbani. Bado anakusubiri.”