Pombe ya Wodini

"Kamnyweshe mumeo," daktari aliniambia koridoni, akanipa kikombe. Kilinuka kama mashati yake yote.

Nilidhani ananitania.

"Mama, alikunywa spiriti ya kiwandani. Ini lina kimeng'enya cha kuvunja pombe. Hata hamira inacho, hata nzi wa ndizi zilizooza. Kikiivunja spiriti, inageuka sumu. Lakini pombe ya kawaida ndiyo kinayoipenda zaidi. Kikishughulika na hii, spiriti itatoka kwa mkojo."

Dawa ya moto ni moto, basi. Miaka yote namwaga chupa zake kwenye sinki, leo mimi ndiye mhudumu wa baa.

Wodini nilimwinua kichwa bila kumsemesha, maana ningefungua mdomo ningetukana. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayaoni. Sumu ilianzia huko. Ndevu zake zilinikwaruza kiganja. Alikunywa taratibu, kwa adabu ambayo mezani kwangu sijawahi kuiona.

Akalamba midomo, akaupapasa mkono wangu.

"Ahsante, nesi," akanong'ona. "Ila tafadhali, mke wangu asijue."

Nikamjazia tena.