Soseji za Jirani

Oom Gawie alimeza kipande cha mwisho, akafuta midomo kwa ukingo wa kofia yake, kisha akatia mdomoni majani ya mnanaa na kuyatafuna harakaharaka. Saa moja asubuhi, mwanamume wa miaka sitini na sita, mfugaji wa kondoo elfu mbili, amejificha nyuma ya lori la jirani kama mwizi wa kuku.

"Kesho tena, Oom?" aliuliza Fanus, mwenye lori, akimwita mjomba kwa Kiafrikana huku akigeuza soseji kwenye wavu.

"Kesho tena. Na usimwambie mtu."

Ndivyo lilivyo tamasha la jangwa la Tankwa, Afrika Kusini: siku tano vumbini, hakuna kuuza wala kununua, kila kambi inatoa zawadi kwa apitaye. Kuna waliotoa kahawa, kuna walionyoa watu ndevu. Fanus, pande la mtu mwenye kaptula ya kaki, alitoa soseji ndefu zilizojikunja kama kamba, zenye giligilani na karafuu.

Oom Gawie hakuja kucheza ngoma. Alikuja kwa ubishi. Mwanawe Ruan alikuwa anamwoa Zintle, binti wa Cape Town asiyekula nyama, samaki, yai wala maziwa; hata asali alisema ni ya nyuki wenyewe. Hilo mzee aliweza kulimeza. Lililomkwama kooni ni kwamba Zintle alitaka na harusi iwe hivyohivyo, palepale shambani, mbele ya ukoo mzima wa wafugaji.

"Watu watasema nimefilisika!"

"Nataka siku moja tu ambayo hakuna aliyekufa kwa ajili yangu, Oom."

Wakawekeana dau. Mzee angekaa tamashani, kambini kwa Ruan na Zintle, siku zote tano, akila apikacho Zintle. Akimaliza bila nyama kupita kinywani, harusi ni ya mboga. Akishindwa, kondoo kumi na wawili wanachinjwa, na bibi harusi hanuni.

Alishindwa asubuhi ya kwanza. Harufu ya makaa ilimwita, miguu ikaitika. Angetangaza palepale na kupata harusi yake ya kondoo, ila aliona ni ukosefu wa adabu kummaliza binti wa watu kabla hata hema halijakaa sawa. Nitamwambia kesho, akajisemea.

"Hii si kondoo," alimwambia Fanus siku hiyo, jicho moja kalifumba kama mwonja mvinyo. "Kondoo angedondosha mafuta motoni. Huyu ni swala. Mkavu, mwenye mbio. Mimi hunidanganyi."

Fanus alicheka tu. Kwa watu wa huko mtu haulizwi alichotia kwenye soseji zake. Ni siri ya nyumba, baba humwachia mwana. Ya Oom Gawie mwenyewe, marehemu mkewe alizikwa bila kuijua.

Tatizo likawa Zintle. Siku ya pili aliamka kabla ya jua, baridi ya kukata masikio, akamwokea mkate ndani ya chungu cha chuma kwa kuwa alisikia mzee hawezi kumaliza siku bila mkate wa moto. Siku ya tatu upepo ulipoinua vumbi la Tankwa yote, aliikumbatia sufuria ya mchuzi wa maboga kwa nguo na mwili wake, akaibuka kama aliyetumbukia kwenye gunia la unga. Akampakulia yeye kwanza.

"Kula, Oom. Mchanga umeingia kidogo tu."

"Mchanga si nyama," akajibu, na wote wakaangua kicheko.

Na kusema kweli, mchuzi ulikuwa mtamu. Oom Gawie alikuwa na wana watatu, hakubahatika kupata binti. Tangu mkewe afariki, hakuna aliyewahi kumpakulia kwanza. Kila alipolala alijiapiza kwamba kwa Fanus haendi tena, na kila asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye wavu. Alijichukia, lakini alikula.

Siku ya tano waling'oa hema. Ruan alikuwa ameinama akiokota takataka, maana pale hata ganda la njugu haliachwi. Zintle alikuja akasimama mbele ya mzee.

"Oom, sitakuuliza mara mbili. Ukinijibu, nitakuamini. Nyama imepita kinywani mwako?"

Mzee wa kanisa miaka ishirini na miwili. Hata mnadani hakuwahi kudanganya umri wa kondoo. Alihitaji neno moja tu, "ndiyo," na kondoo wake kumi na wawili wangekuwa mezani, na ukoo ungekaa kimya. Alimtazama yule binti, vumbi bado limo kwenye nyusi zake, akahisi aibu ikimpanda hadi masikioni. Mungu anisamehe, alisema moyoni.

"La, mwanangu. Haikupita."

Zintle alimrukia shingoni, analia huku anacheka. Oom Gawie alimshika, uongo ule ukimchoma kifuani. Alikuwa hajawahi kuona mtu akifurahi kiasi hicho kwa sababu yake.

Hapo ndipo Fanus alipotokea na furushi mkononi. Oom Gawie alimkonyeza, akamtikisia kichwa, akamkodolea macho. Bure.

"Oom, unaondoka bila chakula cha njiani?" Akamtia furushi mikononi, bado la moto, kisha akamgeukia Zintle. "Dada, mkweo kaniamsha kila asubuhi! Miaka kumi na moja sasa sijagusa nyama, nasaga maharage yangu na uyoga, na huyu ndiye mfugaji wa kwanza kula soseji zangu bila kunitukana."