Mama Mkwe Kiti cha Mbele

"Polepole, wewe! Umembeba mama wa mke wako, si magunia ya mkaa!"

Sauti ilitoka kiti cha mbele kabisa, nyuma ya kioo cha dereva, na behewa zima liliisikia. Dereva, pande la mtu lenye shingo kama kinu, alinywea kama kuku aliyemwagiwa maji.

"Samahani, mama."

"Samahani haina breki. Shika usukani kwa mikono miwili!"

Akaushika kwa mikono miwili. Ulikuwa usukani mkubwa, umezungushiwa kamba za plastiki za rangi.

Hii ndiyo ile treni mpya ya sumaku. Haina magurudumu. Sumaku za chini huinyanyua ikaelea hewani kiasi cha kiganja, na za pembeni huivuta kwa kasi mpaka nguzo za umeme nje zinaonekana kama meno ya kitana. Wahandisi walilieleza jambo hili vizuri sana redioni. Watu wakasikiliza, wakaelewa, wakaenda kupanda basi.

Ndiyo maana meneja alikuwa amesimama mlangoni akitafuna masharubu yake. Wenye mradi walishamwambia kwamba hii ndiyo safari ya mwisho ya majaribio. Abiria wakishuka tena stesheni ya kati kwa woga, kama walivyofanya juzi, treni inafungiwa bandani na kila mfanyakazi anarudi kwao. Dereva alilijua hilo. Basi lake la zamani lilikuwa limeshakatwa chuma chakavu, na nyumbani watoto walikuwa bado wanakula kama kawaida.

Mwoga kuliko wote alikuwa fundi cherehani. Alikumbatia gauni la bibi harusi ndani ya mfuko. Bibi harusi mwenyewe alikuwa mji wa pili, anasubiri na nguo ya ndani. Bila hivyo fundi angetafuta kitu kinachokanyaga ardhi.

"Na pini zangu?" alimwuliza meneja. "Nina pini mfuko mzima. Sumaku ikizivuta kwenda chini, si zitapita katikati yangu?"

"Haivuti huku juu, fundi."

"Umewahi kupanda na pini?"

Meneja hakuwahi kupanda na pini.

Treni ikalala ubavu kwenye kona, na dereva akazungusha usukani mpaka kiwiko kikagonga dirisha. Fundi akafumba macho.

"Kona umeikata kama unakata nyanya!" mama akafoka. "Siku ulipokuja kuposa ulisemaje? Si ulisema utamtunza binti yangu kama yai?"

"Nilisema, mama."

"Basi aliyelitaga yai ni mimi! Endesha kama mtu!"

Watu wakacheka, mara ya kwanza tangu milango ifungwe. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akaliachia bomba alilokuwa amelishikilia kama mwizi wake. Humo ndani mlikuwa na baridi ya mashine, abiria wamejikunyata, lakini dereva alitota jasho. Kila mara aliinama kuchukua chupa yake ya maji chini ya kiti, na kila alipoinuka jasho lilimtiririka upya. Watu walimwonea huruma. Kazi ngumu hiyo.

Stesheni ya kati ikafika. Treni ikapunguza mwendo, ikatua taratibu, na dereva akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Milango ikafunguka. Fundi akasimama na gauni lake.

"Mimi nashuka. Harusi yenyewe si yangu."

Mwingine akasimama nyuma yake, na mwingine tena, maana woga ni kama miayo. Upande mmoja wa masharubu ya meneja ukaishia mdomoni.

"Umewaona?" mama akamgeukia dereva. "Unakimbiza watu wazima! Sasa nisikilize. Ukinitikisa tena, mke wako leo analala kwangu. Na nikifa humu, nitakutokea usingizini kila siku, nikuulize ulikuwa unaangalia wapi!"

"Sitakutikisa, mama. Haki ya Mungu."

Fundi alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje. Akasita.

"Yule mama ni mkwewe kabisa?" alimnong'oneza mwenye mtoto.

"Kwani mtu baki angeweza kumsema vile?"

Fundi akaurudisha mguu ndani, akaketi.

"Basi nakaa. Mwanamume anaweza kuchezea roho yake, anaweza kuchezea hata zetu. Lakini amwangushe mama mkwe? Halafu nyumbani akaseme nini?"

Wa pili akakaa. Wa tatu akakaa, akafungua hata karanga zake. Hakushuka mtu.

Kituo cha mwisho fundi alimpungia dereva kwa mikono yote miwili, gauni likiwa begani. "Kazi nzuri, kaka! Na wewe mama, Mungu akuweke!" Akakimbilia harusini na pini zake zote.

Behewa lilipobaki tupu, dereva alifungua nati moja kwa vidole, akachomoa usukani, akautia kwapani na kushuka. Nyuma yake milango ikajifunga, na treni ikaondoka yenyewe kwenda kuoshwa.

Mama alikuwa akimsubiri jukwaani, kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni.

"Leo jasho umelichelewesha," alisema. "Kesho ujimwagie kabla ya kona."

"Sawa, dada."

"Na yule mama mkwe wako wa kweli? Si ulisema kesho naye anasafiri?"

"Anapanda basi. Anasema anamfahamu vizuri dereva wa hii treni."