Ngiri Arudishwe

Mkitaka sadikini: Chuo cha Nyumbu kilikuwa na nembo hai ya timu yake, ngiri aliyekimbizwa kuzunguka uwanja kabla ya kila mechi, mkia juu kama bendera. Chuo kilipomstaafisha na kuchora ndege tai kwenye jezi badala yake, nyumbu waliowahi kusoma pale walichukia. Walivaa fulana zenye picha yake, wakaandamana wakiimba, “Ngiri ndugu yetu, arudishwe.”

Wakuu wa chuo wakasalimu amri. Mwenyekiti wa kampeni akaenda mwenyewe shimoni kwa Ngiri.

“Ndugu yangu, tumeshinda, unarudi. Sema chochote unachotaka.”

“Nataka kusoma,” alisema Ngiri. “Miaka yote nimesikiliza masomo nikiwa nje ya dirisha. Nipeni dawati.”

Mwenyekiti akakohoa. “Lakini chuo ni cha nyumbu.”

“Na undugu wetu?”

“Huo ni wa uwanjani.”

Jumamosi iliyofuata, nembo ilirudi kwa vifijo. Alikuwa ngiri wa kitambaa, amejazwa majani makavu, mkia umeshonewa juu. Nyumbu wengi walilia kwa furaha, wakisema hajabadilika hata kidogo.