Vidoti Vyeusi

Kinanda cha umeme cha kwaya kililala kwa zamu majumbani mwa wanakwaya, na kilipofika kwa Nambua, vibonyezo vinne vikagoma kulia. Mwenzao aliyevunja kipaza sauti alifukuzwa kwayani, basi Nambua hakumwambia mtu. Alirudishia mlango, akatandika kanga sakafuni, akalegeza skrubu kwa ncha ya kisu.

Chini ya vibonyezo akakuta utepe mrefu wa mpira mweupe, laini kama sikio la mtoto, wenye vidoti vyeusi upande wa ndani.

"Kumbe ni masizi tu," akasema, akashusha pumzi.

Akausugua kwa sabuni na stiliwaya, polepole, kidoti kwa kidoti, kama anavyosugua sufuria, mpaka ukatakata.

Mumewe, Eliamani, akaingia akitafuta viatu. Akauona mpira mkononi mwa mkewe.

"Mama Upendo, vile vyeusi viko wapi?"

"Uchafu ule? Nimeutoa."

"Yesu wangu! Si ndivyo vilivyomo hata kwenye rimoti ya redio? Vile ndivyo vinavyogusa chini, kitu kikalia!"

Nambua akaugeuzageuza utepe. "Vyote?"

"Mimi nitajuaje? Wewe umesugua vingapi?"

"Vyote, baba Upendo. Nilitaka vifanane."

Nje, mwalimu wa kwaya akakohoa. "Hodi humu! Tumekuja kuchukua kinanda, wenzako wameshajipanga kanisani."

Kitasa kikaanza kuzunguka, na Nambua amesimama na mpira ule safi, unamchuruzikia maji miguuni.