Kijiti cha Mgeni

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, na jua lilikuwa limerudi baada ya mvua ya siku tatu. Mwajabu alikuwa akipokea posa ya binti yake, Salhina, katika nyumba iliyo hatua mia mbili kutoka jaa la taka za kiwanda cha ngozi.

Sheria ilimtaka kila mwenyeji achovye kijiti cha kupimia kromi, sumu itokayo kiwanda cha ngozi, katika maji ya mgeni. Kikigeuka zambarau, kisima hufungwa na wenye nyumba huhamishwa siku hiyo hiyo. Adabu nayo ilimtaka mgeni atazame pembeni, asionekane kumshuku mwenyeji.

Bi Tausi, shangazi wa mchumba, aligeukia dirishani.

"Chovya upesi, mkwe wangu. Shingo ikikakamaa, nitachezaje harusini?"

Salhina alicheka. Mwajabu alichovya, akahesabu hadi kumi. Kijiti kiligeuka zambarau kuanzia nchani. Alikifumbata.

"Tayari?" Bi Tausi aliuliza.

Mwajabu alimtazama binti yake, aliyevaa kanga mpya na hina mikononi.

"Tayari. Karibu maji."

Bi Tausi alikunywa glasi yote, akasifu ubaridi wake, akaomba nyingine. Mwajabu aliinuka kwenda kuichota, kiganja kikiwa bado kimefumbwa. Salhina aliona rangi ikichuruzika kati ya vidole vya mama yake, akageuza uso na kutazama dirishani, kama mgeni.