Gauni la Picha

Pindo la gauni la njano lilikuwa limepandishwa mara mbili, na bado lilimfika Siwema kwenye vifundo vya miguu.

"Ukiitwa Tunu, unaitikaje?" mama yake akamuuliza.

"Abee. Mpaka Dada arudi?"

Mama akaukata uzi kwa meno.

Tunu alikufa kwa homa wakati wa masika. Siwema aliambiwa dada yake amesafiri. Mfadhili wa ng'ambo, aliyemlipia Tunu ada, unga na matibabu, hakuambiwa lolote. Yeye kila mwaka alitaka picha tu, mtoto akiwa kavaa gauni alilomtumia. Na siku hizi Siwema naye alikuwa akikohoa usiku kucha.

Mpiga picha wa shirika lililoleta misaada ya mfadhili alikuwa kijana mgeni, mpole. Alimsimamisha mtoto ukutani penye mwanga, akamwekea kola sawa.

"Mbona mdogo hivi, mama?"

"Ndiyo maumbile yake, baba. Hakui upesi."

Kijana akarudi nyuma, akainua kamera. "Haya, tazama huku. Tunu!"

Siwema hakuitika. Uso wake wote ulichangamka, akageuka upesi kutazama mlangoni.

Kijana akacheka. "Sivyo, mtoto mzuri. Huku! Mama Tunu, hebu mwite wewe, sauti yako ataisikia."

Mama Tunu akafungua kinywa. Tangu masika hakuwa amemwita mtu kwa jina hilo.

Siwema bado alikuwa ameukodolea mlango macho, akitabasamu.